Diski Zilizoondoka Bila Kuaga

Kuna siku moja siisahau, mwanangu, na nikiisimulia viganja bado vinanitoka jasho, mimi huyu ambaye siku hizi naitwa bibi. Ilikuwa Jumatatu, asubuhi ya ukungu, katika hospitali ya misheni huko milimani Ileje. Nilikuwa na miaka ishirini na saba na nilijiona najua kila kitu. Unacheka, lakini ngoja.

Wakati huo Songwe haikuwa mkoa, sote tulihesabiwa Mbeya. Mimi ni Namwinga, mzaliwa wa Tunduma, mtoto wa muuza vitenge. Kompyuta nilijifunzia kwenye duka la intaneti karibu na stendi, nikazipenda kwa sababu hazikuwahi kuniuliza nitaolewa lini. Hospitali iliponiajiri niwe fundi msaidizi, nilipanda milimani na begi moja dogo na majivuno yasiyoingia kwenye begi lolote.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Kibona, Mndali wa hapo hapo, fundi redio wa zamani. Linux, ule mfumo wa kuendesha kompyuta, alijifunza mwenyewe kwa vitabu, kamusi mkono wa kushoto, kalamu mkono wa kulia, na kila alichokifanya alikiandika kwenye daftari la hesabu kwa mwandiko wa kusimama. Alikuwa mpole mpaka anakera. Nikimwambia "mzee, hii ni dakika mbili tu," ananijibu, "Basi tuifanye kwa ishirini." Nilikuwa namheshimu mbele yake, na kumsema nikiwa peke yangu. Najua na wewe unaye mtu wa namna hiyo.

Sasa nikueleze kazi yenyewe, usipotee njiani. Kompyuta yetu ya zamani ilikuwa na diski kadhaa, na Mzee Kibona alikuwa ameziunganisha zikawa ghala moja. Ukiandika kitu, hujui kimelala diski ipi, kipande kiko huku na kipande kiko kule, na wewe unaliona ghala moja tu. Ndiyo uzuri wake. Ubaya wake ni kwamba ukitaka kulihamishia ghala kwenye kompyuta nyingine, huwezi kubeba nusu. Daftari la mzee lilikuwa na ukurasa mzima wa kuhama. Kwanza uwaambie wote wanaoandika waache. Kisha ulifunge ghala. Kisha utoe amri ya kuaga, ambayo kwa lugha ya mashine ni vgexport, na hapo kila diski inajiandika kwamba imeondoka kwenye nyumba hii, na mashine inakuonyesha ni diski zipi zilizo safarini. Ndipo uzime, uzitoe, uzipeleke, na huko ziendako uzipokee. Neno "kuaga" ni lake yeye. Alikuwa akisema kitu kikiondoka bila kuaga, hujui kimeacha nini nyuma.

Wiki hiyo tulikuwa tunamsubiri daktari wa macho kutoka Mbeya. Alikuja mara mbili kwa mwaka, kwa siku mbili tu, kutoa watoto wa jicho. Kila jicho lilitakiwa lipimwe kwanza ili ijulikane ni lenzi gani itawekwa humo, na mashine ya kupimia tuliiazima. Ilizunguka vijijini mwezi mzima, ikaishia Ndalambo, Ijumaa ikarudishwa kwa wenyewe. Vipimo viliandikwa kwenye vikaratasi, Tusa wa masijala akaviingiza kwenye kompyuta, na kikaratasi kikishaingizwa kinachomwa, kwa sababu siri ya mgonjwa haitupwi jalalani. Kwa hiyo Jumatatu ile, macho ya watu karibu wote wale yalikuwa ndani ya lile ghala letu, na hayakuwa mahali pengine popote duniani.

Mzee Kibona alikuwa amekwenda kuzika kijiji cha pili. Kabla hajaondoka aliniambia, "Nitarudi jioni, tutahamisha pamoja." Nikaitikia. Lakini saa mbili katibu wa hospitali akaja mlangoni na funguo mkononi. Pikapu inashuka Ndalambo saa tatu kuwachukua wagonjwa wa macho, akasema, na kompyuta ya zamani imeshaahidiwa shule ya sekondari ya huko, itakwenda na gari hilo hilo. Kompyuta mpya ilikuwa tayari imesimama kwenye chumba jirani na cha upasuaji.

"Unaweza kuhamisha peke yako, au tumsubiri mzee?"

Angeniuliza vingine labda ningejibu vingine. Lakini kuniuliza kama tumsubiri mzee? Nikasema naweza.

Sikumwendea Tusa, ambaye ofisi yake ilikuwa jengo la pili, imeunganishwa kwa waya na kompyuta yetu, na alikuwa anamalizia vikaratasi vya Ndalambo. Sikufunga ghala. Sikuaga. Nilishika kitufe cha kuzimia, nikakikandamiza mpaka feni zikanyamaza, nikachomoa diski mbili za mbele, nikarudisha mfuniko, na vijana wakaipakia ile kompyuta kwenye pikapu juu ya magodoro. Haikufika nusu saa. Nilikwenda kunywa chai nikiwa najipongeza kimoyomoyo.

Saa nne nikaziweka diski kwenye kompyuta mpya, nikaiwasha, nikaita ghala. Likakataa. Mashine ikaandika kwamba ghala halijakamilika, kuna diski moja haionekani. Nikazima, nikawasha. Nikabadilisha waya. Nikazipuliza vumbi, kana kwamba vumbi ndilo lililokosea. Maneno yakawa yale yale. Nikafungua maelezo ya mashine nikaona ipo amri ya kulazimisha: unaliambia ghala liisahau diski isiyoonekana, na liendelee na zilizopo. Nikaiandika yote, herufi kwa herufi. Kidole kikawa juu ya kitufe.

Sijui nini kilinizuia. Nadhani ni woga tu, na siuonei aibu. Nikatoka mbio mpaka kwenye tangi la maji, mahali pekee palipokuwa na mtandao, nikampigia Mzee Kibona msibani.

"Mzee, diski zinakataa. Inasema moja haipo."

Nilisikia wanawake wakiimba nyuma yake. Akasogea mbali nao.

"Uliaga?"

"Hapana, mzee."

"Tusa ulimwambia afunge?"

"Hapana."

"Umetoa ngapi?"

"Mbili."

"Ziko tatu," akasema. "Ya tatu iko ubavuni, chini ya feni. Niliiongeza ghala lilipojaa, kabla hujaja. Kompyuta iko wapi?"

Nikamwambia iko njiani kwenda Ndalambo. Kisha nikamweleza ile amri niliyoiandika, akaniuliza kama nimebonyeza. Nikasema bado.

"Ukibonyeza, itaitupa ile diski na kila kilichoegemea humo. Rudi ukaifute amri yako. Zima mashine vizuri. Halafu mfuate mwenzao wa tatu."

Hakunifokea. Ningeshukuru kama angenifokea.

Namba ya shule hatukuwa nayo, na dereva wa pikapu simu yake ilikuwa haipatikani. Nikamchukua kijana wa pikipiki pale sokoni, tukashuka milima. Barabara ile wakati huo ilikuwa udongo mtupu, na kila kona nilikuwa naiona kompyuta yangu mbele, kisha naona ni mkokoteni wa mkaa. Tulipofika Mpemba tukaingia lami. Tunduma malori yamefunga barabara kama kawaida yao, tukapenya katikati yao mpaka ng'ambo ya mji, nikapita mita chache kutoka kwenye meza ya vitenge ya mama yangu na sikugeuza shingo. Kichwani nilikuwa nahesabu: imefika saa ngapi, nani ameifungua, amefuta au hajafuta. Shule ikipewa kompyuta, jambo la kwanza ni kufuta vya watu na kuweka vyake. Hata mimi ningefanya hivyo.

Ndalambo tuliingia saa nane. Kabla pikipiki haijasimama nikasikia jenereta la shule linanguruma, nikajua kompyuta imeshawashwa. Nikakimbia mpaka darasani. Mwalimu Siame, mwalimu wa fizikia, kijana mwenye shati lililonyooshwa, alikuwa amekaa mbele ya kompyuta yangu, CD imo ndani, na mstari wa bluu unatembea kwenye skrini. Alikuwa ameshaanza kuweka mfumo wao.

Mkono wangu ulishafika kwenye waya wa umeme, mwanangu. Nilikuwa nauvuta. Nikakumbuka kwamba asubuhi ile ile mkono huo huo ulizima mashine inayoandika, ndiyo maana niko pale. Nikauachia.

"Mwalimu," nikasema, "unaandika kwenye diski ipi?"

Akanitazama kama mtu aliyeingiliwa na kichaa darasani. Kisha akanionyesha. Alikuwa amechagua ile diski ndogo ya mfumo wa zamani, ambayo haikuwa ya ghala; ile kubwa ya ubavuni aliiona akaiacha, akasema ataifuta ikimaliza hii. Nikamweleza yote pale pale mbele ya wanafunzi, sikuficha kitu. Akauliza, "Tuzime?" Nikamwambia hapana, tuiache imalize, isije ikakatwa katikati. Tukakaa wawili kwenye benchi, mikono magotini, tunautazama ule mstari. Robo tatu ya saa. Sijawahi kukaa robo tatu ya saa ndefu kama ile, hata nilipokuwa najifungua.

Ilipomaliza tukaizima kwa taratibu, nikafungua ubavu, nikaitoa diski ya tatu. Mwalimu Siame akanipa kitambaa chake cha kufutia ubao niifungie.

Pikapu ilikuwa bado sokoni inapakia wagonjwa. Nikapanda nyuma pamoja nao. Pembeni yangu alikaa mwanamke mmoja Msukuma, Bibi Kulwa, wa familia za wafugaji waliohamia na ng'ombe huko bondeni Momba. Macho yote mawili yalikuwa meupe. Alikuwa mchangamfu kuliko sote.

"Mke mwenzangu ananipakulia mlenda ananiambia ni samaki," akasema. "Nakula nanyamaza. Nataka siku moja nimtazame usoni wakati ananidanganya."

Gari zima likacheka. Mimi pia nikacheka, na ndiyo ilikuwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Baada ya muda akanigusa mkono.

"Mjukuu wangu, umekumbatia nini hicho? Nasikia hukiachii."

"Ni diski, bibi. Vipimo vya macho yenu viko humu."

"Vyangu pia?"

"Vyako pia."

Akaipapasa juu ya kitambaa. "Basi kishike vizuri," akasema, akaegemea bega langu, akalala usingizi mpaka tunaanza kupanda milima.

Tulifika jua linazama. Mzee Kibona alikuwa amekaa mbele ya kompyuta mpya, viatu vina udongo wa makaburini, daftari limefunguliwa kwenye ukurasa wa kuhama. Hakunisalimia. Akaipokea diski, akaitazama pande zote, akaifunga mahali pake kwa skrubu nne, akanipisha kiti. "Zihesabu," akasema. Nikaiuliza mashine, ikajibu tatu. Tukaliamsha ghala. Ikatuambia kuna sehemu hazikufungwa vizuri, ikaomba ruhusa ya kuzikagua. Mzee akafuata kwa kidole mstari hadi mstari kwenye daftari, akanipa ishara niruhusu. Ikakagua. Ghala likafunguka.

Nilitaka kulia. Tusa akaitwa, akaanza kusoma majina kwa sauti, na mimi natia alama kwenye orodha ya wagonjwa. Jina na namba, jina na namba. Wa Ileje wote wamo. Wa Mbangala wamo. Wa Mkwajuni, wa Ndalambo. Tukafika mstari wa mwisho.

"Kulwa," Tusa akasoma, kisha akasimama. "Namba hamna."

Akashusha, akapandisha. Hamna. Tusa akasema kwa sauti ndogo kwamba asubuhi aliingiza kikaratasi cha mwisho, akabonyeza kuhifadhi, akakipeleka na vingine kuchomwa, na aliporudi skrini ilikuwa imeganda, akajua ni umeme. Mwanangu, kompyuta ikiambiwa hifadhi, mara nyingi hushika neno kichwani kwanza, ndipo inalilaza kwenye diski. Neno la Bibi Kulwa lilikuwa bado kichwani nilipoibana ile mashine pumzi.

Mzee Kibona akavua miwani.

"Wewe ni mtoto wa Tunduma," akasema. "Umekua unavuka kwenda Nakonde, Zambia, kununua sukari na kurudi, unawaamkia mulishani kule, shikamoo huku, hakuna anayekuuliza mhuri. Ukaona mipaka yote ni hivyo. Kwa mtu mmoja na kikapu chake, sawa, akikosea atapotea mwenyewe. Leo ulikuwa umebeba watu. Ule ukurasa sikuuandika kwa sababu mimi ni mzito. Niliuandika kwa sababu nilishapoteza." Hakusema alipoteza nini, na sikuthubutu kumuuliza. Mpaka anazikwa sikumuuliza.

Kisha akasema, "Nenda kwa daktari. Halafu nenda kwa huyo mama ukamwambie mwenyewe. Usimtume Tusa."

Daktari alikuwa anakula nyumba ya wageni. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema haweki lenzi kwa kubahatisha, aje zamu ijayo, miezi sita. Aliweka kijiko chini wakati anasema, nadhani alikuwa anasikitika.

Bibi Kulwa nilimkuta wodini amekaa kitandani, ameshaoga. Nikapiga magoti, nikamweleza. Nilimwambia ni mimi, na kwamba haikuwa umeme wala mashine.

"Wewe ndiye uliyeniambia 'vyako pia'."

"Ndiyo, bibi."

"Ulikuwa unajua?"

"Sikuwa nimeangalia. Nilisema tu."

Akanyoosha mikono yake yote miwili akanishika uso, akaupapasa polepole, kipaji, pua, mashavu yaliyolowa, kidevu. Alikawia sana. "Haya," akasema. "Nitarudi. Siku nikiona, nitakutafuta nikujue."

Kwa siku mbili wenzake walikuwa wanafunguliwa bandeji na kupiga vigelegele, na yeye alikaa nao kwenye benchi akiwapongeza mmoja mmoja. Alhamisi akashuka na pikapu ile ile, akishikwa mkono.

Miezi sita baadaye daktari alirudi. Jina la Bibi Kulwa liliitwa mara tatu, hakuna aliyeitika. Nikashuka mwenyewe mpaka Ndalambo, nikaelekezwa kwenye boma lao, nikakuta miiba imelala chini na zizi limeota majani. Malisho yaliisha, majirani wakaniambia, wamehama na ng'ombe wao kuelekea bonde la Rukwa, na hakuna aliyejua ni upande gani. Mpaka leo nikipita stendi ya Tunduma namtazama kila bibi wa Kisukuma machoni, nikingoja atakayenitazama.

Basi nisikilize, mwanangu. Sikukatazi kuwa mwepesi, wepesi wako ni mzuri na ndio unaokulisha. Lakini ukipewa kuhamisha kitu cha watu, iwe diski, iwe faili, iwe mgonjwa, usikiguse kabla hujamwendea kwa miguu yako yule anayekiandika ukamwambia aache. Kiage mahali pake, uone kwa macho yako vinavyoondoka ni vingapi, hata kama unadhani unajua. Mashine ikikataa, usiilazimishe. Mpigie aliyekutangulia, hata kama yuko msibani, hata kama utaonekana mtoto. Na usimwambie mtu "chako kipo" kama hujaangalia. Ukishakosea, nenda kaseme mwenyewe, na usimame pale mpaka amalize kukushika uso.

Mungu aitulize mikono yako kabla ya kazi na kuipa nguvu baada yake. Akukutanishe na wazee wenye daftari, akupe masikio ya kuwasikia. Na watu watakaoweka mambo yao mikononi mwako wayakute yote siku watakapoyahitaji, hata yule wa mstari wa mwisho.